Nyuma ya Bahasha

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
nimeandika tamaa zangu:
tabo kubwa zaidi,
ekzosi ya chuma kisichoshika kutu,
springi fupi, breki za mbele,
na zile rimu nyeusi alizonionyesha Pihla kwenye simu
akisema, "Baba, litaonekana lina uhai."
Chini kabisa, kwa kalamu nyingine:
yuro mia tisa na arobaini.
Nikapigia mstari mara mbili,
kana kwamba mstari huongeza pesa.

Volvo ya mwaka tisini na saba,
rangi ya chai iliyozidishwa maziwa.
Kwenye mshono wa kiti cha nyuma imo bado biskuti
ya mtoto ambaye sasa ananiazima ufunguo.
Kilomita laki tatu na themanini elfu,
na hatukuwahi kufika mbali:
shuleni, dukani, uwanja wa hoki,
hospitali ya macho, hospitali ya macho,
hospitali ya macho.

Ensio analipandisha kwenye jeki bila kuniuliza habari za nyumbani.
Fundi wa Kokkola, salamu yake ni tochi.
"Unataka nguvu za farasi," anasema,
"na hawa ulio nao umewafunga kwa kamba iliyooza."
Ananishikisha bushi. Mpira umepasuka
kama kisigino cha mtembea peku.
Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu
imekula mabomba ya breki kwa adabu,
miaka mingi, bila kutafuna kwa sauti.
Usipoziba ufa, ndiyo, najua.
Lakini ufa ulio chini ya sakafu
nani atauona, redio ikiimba?

Nikaifuta tabo.
Niliifuta kama mtu afutaye namba ya mpenzi wa zamani,
akiisoma kwanza mara ya mwisho.
Springi fupi zikafuata: Januari huku
barabara ni mifereji ya barafu,
na gari lenye tumbo chini hulima.

Ikabaki ekzosi. Pihla aliipigania mezani.
"Hili lenu linakohoa kama mzee kanisani!"
Marketta alikuwa akimenya viazi kwa vidole;
msimu wa pili huu wa baridi anaona mwanga tu,
kingo za dirisha, basi.
"Ekzosi msiiguse," akasema.
"Nalijua likiwa bado kwenye kona ya duka la samaki.
Kuna kale kamluzi, halafu kigugumizi,
halafu gia ya pili.
Hapo ndipo ninapobandika birika."

Pihla akatazama viazi.
Mimi kile kigugumizi nilikiita ubovu.

Basi tukanunua visivyoonekana:
mabomba, diski, bushi kumi na mbili,
shokomzoba nne, mipira ya kushikilia injini,
tairi za misumari alizotuuzia jirani.
Zikabaki yuro thelathini na moja.

Nikitoka gereji, usukani uliacha kunibishia.
Kwenye mzunguko wa bandarini nilikanyaga breki
na gari likasimama pale pale nilipofikiria,
si hatua tatu mbele, kama zamani.
Nilicheka peke yangu, mtu wa miaka hamsini na sita.

Nyumbani hapakuwa na harufu ya kahawa.
Marketta alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.
"Nani huyo?"

Kumbe kigugumizi kilikaa kwenye mpira uliochakaa,
na Ensio alikitupa kwenye pipa pamoja nao.

"Tauno? Ni wewe?"
Nikajibu. Akanyamaza kidogo.
Kisha akavaa koti, akafungua mlango wote,
baridi ikaingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi.
"Rudi mpaka duka la samaki," akasema,
"uje tena. Polepole."

Nilikwenda, nikarudi.
"Tena."
Nikaenda.
Mara ya nne akaniinulia kiganja kabla sijafika kwenye kona:
"Mluzi upo. Ila gia ya pili siku hizi
inapita kama soksi sakafuni.
Irudie hiyo."